Kuuguza mgonjwa wa saratani nyumbani: mwongozo kamili wa kutuliza maumivu, kichefuchefu, kidonda na dalili nyingine

Mgonjwa wa saratani hulazwa hospitali siku chache. Siku nyingine zote yuko nyumbani, na anayemwangalia ni binti, mume, mkwe au jirani ambaye hakuna aliyemfundisha kazi hiyo. Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso ya ugonjwa mzito, kazi yangu ni kutembelea wagonjwa majumbani, na mwongozo huu nimemwandikia huyo anayeuguza. Nimemwandikia pia mhudumu wa afya ngazi ya jamii, maana mara nyingi yeye ndiye anayegongewa mlango kwanza.

Kabla ya yote, naomba tuelewane. Maumivu, kutapika na harufu ya kidonda si mambo ambayo mwenye saratani hana budi kuyavumilia. Mengi yanatulizwa kwa dawa za kawaida na kwa mikono ya watu wa nyumbani, ilimradi yatajwe mapema na dawa itolewe kwa saa. Kinachowatesa wagonjwa wengi ni maneno haya: "tusubiri siku ya kliniki."

Hatua ya 1: Fungua daftari

Nunua daftari la kawaida la shule na kalamu, ufunge kalamu kwa uzi isipotee. Kila asubuhi na kila jioni andika mambo matano: maumivu, choo, kutapika, alichokula na kunywa, na dawa alizopewa pamoja na saa yake.

Maumivu yapimwe kwa vidole. Ngumi iliyofumbwa ni sifuri, yaani hakuna maumivu. Kidole kimoja ni maumivu madogo, na mkono ukifunguka vidole vyote vitano ni maumivu makali kuliko yote. Kipimo hiki kinatumika sana katika tiba shufaa barani Afrika, na anakielewa mzee asiyejua kusoma sawasawa na mtoto wa miaka sita. Andika idadi aliyoonyesha mgonjwa mwenyewe, hata kama unaona amezidisha au amepunguza. Na usimuulize "hujambo?", kwa sababu sisi tumelelewa kujibu "sijambo" hata tukiwa tunatetemeka kwa maumivu. Muulize vidole.

Ukurasa mzuri unasomeka hivi: "Jumanne, saa 12 asubuhi. Vidole 4, kiunoni. Mofini kapewa. Saa 2, vidole 2. Choo hakuna, siku ya pili. Uji nusu kikombe, hakutapika." Ukinipigia simu ukanisomea mistari hiyo, nina pa kuanzia. Ukiniambia "mama hali yake si nzuri", inabidi nianze kukisia.

Kuna watu wanaodhani daftari ni kazi ya makarani. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, kwa wagonjwa 766 waliokuwa kwenye kemo, yaani matibabu ya dawa za kuua saratani. Baadhi yao waliripoti dalili zao kwa kompyuta kila wiki, na dalili ikizidi muuguzi alipata taarifa papo hapo. Wengine walipata huduma ya kawaida, wakisema dalili zao wanapofika kliniki. Nusu ya walioripoti waliishi zaidi ya miezi 31, na kwa wale wengine kipimo hicho hicho kilikuwa miezi 26. Kilichoongezwa kwa walioripoti ni kuulizwa na kujibiwa. Huku kwetu, watafiti wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, nao wamejaribu programu ya simu inayomuunganisha mgonjwa aliyerudi nyumbani na timu ya tiba shufaa. Wewe ambaye huna programu unalo daftari, na unayo namba ya muuguzi. Hiyo namba iandike kwenye jalada.

Hatua ya 2: Jua dalili zisizosubiri

Zinakili kwenye karatasi uibandike nyuma ya mlango. Ukiona mojawapo, mnakwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane:

- Joto la mwili nyuzi 38 au zaidi kwa mgonjwa aliye kwenye kemo. Siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dawa, chembe nyeupe za damu huwa zimeshuka, na maambukizi madogo yanaweza kumwua kwa saa chache.
- Maumivu mapya ya mgongo yakiambatana na miguu kulegea au kufa ganzi, au mkojo kugoma. Huenda uti wa mgongo unabanwa, na akicheleweshwa anaweza asitembee tena.
- Damu inayotoka bila kukatika, popote inapotokea.
- Tumbo kuvimba, kutapika, na kutopata choo wala hewa.
- Uso na shingo kuvimba huku pumzi inabana.
- Kuchanganyikiwa ghafla, au usingizi ambao ukimwamsha haamki.
- Kushindwa kumeza hata maji.

Kipimajoto si ghali, nunua. Tena mpime joto kabla ya kumpa panado, kwa sababu panado hushusha homa ikaficha hatari iliyo ndani. Ukifika hospitali, neno la kwanza kinywani mwako liwe "yuko kwenye kemo, ana homa", usisubiri zamu ifike ndipo useme.

Hatua ya 3: Maumivu, kwa saa

Maumivu makali ya saratani dawa yake kuu ni mofini, na kwa mgonjwa wa nyumbani iliyo rahisi zaidi ni mofini ya maji, ya kunywa. Uganda wameifanyia kazi kubwa. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilianza kuchanganya mofini ya unga na maji ili iwe ya bei nafuu, na mwaka 2004 nchi hiyo iliruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika. Tanzania na Kenya pia ipo, ila si kila hospitali. Uliza hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe kama ina kitengo cha tiba shufaa. Kenya utasikia pia wakiita hospisi.

Mofini ya kawaida ya kunywa hufanya kazi kwa takriban saa nne, kwa hiyo hutolewa kila baada ya saa nne. Saa zetu za Kiswahili zimerahisisha mambo: kumi na mbili asubuhi, nne asubuhi, nane mchana, kumi na mbili jioni, nne usiku. Kumi na mbili, nne, nane, kumi na mbili, nne. Hata mjukuu anaikariri. Dozi ya saa nne usiku, daktari akielekeza hivyo, huongezwa mara mbili ili mgonjwa na anayemuuguza walale bila kuamka saa nane usiku.

Usingoje alalamike ndipo umpe. Maumivu yakishapanda juu huhitaji dawa nyingi zaidi kuyashusha, na mgonjwa anajifunza kuogopa saa inayokuja. Yakichomoza katikati, kabla ya saa yake, kuna dozi ya nyongeza ambayo daktari anapaswa kuwa ameiandika. Kama hakuiandika, muulize kabla hamjaondoka kliniki. Mpe nyongeza, iandike kwenye daftari, na dozi inayofuata itolewe kwa saa yake kama kawaida. Nyongeza zikifika tatu au nne kwa siku, piga simu: dozi ya kawaida imekuwa ndogo.

Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kijiko cha jikoni. Na soma lebo kila mnapopewa chupa mpya. Mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti. Chupa moja inaweza kuwa na miligramu 5 katika mililita 5, na nyingine miligramu 50 katika mililita zilezile. Kipimo kile kile, dawa mara kumi.

Sasa maneno ya mtaani, kwa sababu yamewanyima dawa wagonjwa wengi. "Akianza mofini ndiyo mwisho." Nimewahi kukuta chupa nzima imefichwa kabatini wiki mbili, kaka mtu ameizuia kwa kumpenda dada yake, na dada amelala anauma shuka. Mofini haileti kifo. Inatolewa kwa sababu ya ukali wa maumivu, na wapo wanaoinywa miezi mingi huku wanapika na kwenda kanisani au msikitini. "Atakuwa teja." Anayekunywa kwa ajili ya maumivu, kwa dozi aliyopangiwa na kwa saa, si hali moja na anayetafuta kulewa. Ila asiiache ghafla, maumivu na mitetemeko vitamrudia. Ipunguzwe na daktari.

Siku tatu za mwanzo atasinzia na huenda akasikia kichefuchefu, kisha mwili huzoea. Akisinzia kiasi cha kutoamka, au pumzi zikawa chache na nzito, usimpe dozi inayofuata. Piga simu na mpelekeni hospitali.

Maumivu ya kuchoma kama pilipili au ya kupiga kama umeme ni ya mishipa ya fahamu. Yana dawa nyingine ya kuongezea, kwa hiyo yaeleze hivyo hivyo. Diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, usijinunulie duka la dawa muhimu: inachubua tumbo, inaelemea figo, na kwa aliye kwenye kemo inaongeza hatari ya kutoka damu.

Hatua ya 4: Choo

Mofini hufunga choo, na tatizo hili haliishi lenyewe kama usingizi unavyoisha. Dawa ya kulainisha choo, kwa mfano bisakodili, ianze siku ile ile mofini inapoanza. Mkipewa chupa ya mofini bila dawa ya choo, rudini dirishani mkaulize.

Ongeza maji, papai na mboga kadiri anavyoweza. Akikaa chooni weka kigoda chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga. Ni jambo dogo lakini linasaidia. Siku tatu bila choo ni za kupiga simu. Jihadhari na hili pia: mgonjwa aliyekaa siku nyingi bila choo akianza kutoa majimaji kidogo kidogo, mara nyingi si kuhara. Choo kigumu kimeziba na majimaji yanapenya pembeni. Ukimpa dawa ya kuzuia kuhara utaongeza tatizo.

Hatua ya 5: Kichefuchefu na chakula

Baada ya kemo, dawa ya kuzuia kutapika anywe kwa ratiba siku zote alizoandikiwa, hata asubuhi anapojisikia vizuri. Inywewe nusu saa kabla ya chakula. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa inatosha kumtapisha, kwa hiyo jiko liwe mbali na chumba, na chakula kiwe cha uvuguvugu au baridi. Mpe kidogo mara sita badala ya sahani kubwa mara tatu. Uji, mtori, mtindi, parachichi lililopondwa, yai lililoiva vizuri.

Mgonjwa wa saratani ya koo la chakula, ugonjwa uliozagaa sana katika ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki, asagiwe kila kitu, ale akiwa ameketi wima, na abaki wima nusu saa.

Akitapika sana au akihara, maji ya chumvichumvi ya pakiti. Yasipopatikana: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe flati.

Na jamani, tusiwalazimishe. Ugonjwa ukiwa umekwenda mbali, mwili wenyewe hukataa chakula. Nimeona mabinti wakilia na bakuli mkononi wakidhani mama anakufa kwa sababu wao hawajui kubembeleza. Mwekee kijiko kimoja cha kitu anachokipenda, akikataa mwache.

Hatua ya 6: Mdomo

Kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa. Asukutue kila baada ya chakula na kabla ya kulala, apige mswaki laini. Asitumie limau, pilipili wala dawa za kusukutulia zenye spiriti. Utando mweupe mdomoni mara nyingi ni fangasi, na tiba yake ipo hata kituo cha afya. Midomo ipakwe mafuta ya mgando.

Hatua ya 7: Kidonda chenye harufu

Saratani ya titi au ya ngozi inaweza kupasuka ikawa kidonda kisichofunga. Hapa ndipo upweke mkubwa unapoingia.

Mama mmoja niliyemtembelea alikuwa amehamishiwa chumba cha nyuma, pazia limefungwa, udi unawaka mchana na usiku. Wajukuu walikuwa wakimsalimia kutoka mlangoni. Tulifanya hivi, na binti yake ndiye aliyeendelea.

Chemsha maji ya chumvi kwa kipimo kile kile cha mdomo, yapoe. Mpe mgonjwa dozi ya nyongeza ya mofini nusu saa kabla, kama ameandikiwa. Nawa mikono, vaa glovu. Kitambaa cha zamani usikibandue kikiwa kikavu: kiloweshe kwa maji ya chumvi mpaka kiachie chenyewe, la sivyo utatoa damu na machozi pamoja. Osha kidonda kwa kumimina, usisugue. Kisha saga vidonge vya metronidazo (wengi mnavijua kwa jina la Flagyl) viwe unga laini, unyunyize juu ya kidonda chote kama unavyonyunyiza chumvi kwenye samaki. Idadi ya vidonge utaelekezwa na muuguzi. Harufu inatoka kwa vijidudu vinavyoishi kwenye nyama iliyokufa, na dawa hii inaviua. Funika kwa kitambaa safi. Kanga kuukuu za pamba zilizofuliwa, zikaanikwa juani na kupigwa pasi zinafaa kabisa. Rudia kila siku, mara mbili kama kinatoa maji mengi. Beseni la mkaa usiowashwa chini ya kitanda hunyonya harufu iliyobaki chumbani.

Siku ya nne nilimkuta binti amefungua dirisha. Siku ya sita mjukuu wa kike alikuwa amekaa kitandani, anakula chakula chake cha mchana kwenye sahani ya plastiki, miguu yake juu ya miguu ya bibi.

Kidonda kikitoa damu, gandamiza kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia. Shuka la rangi nyeusi au nyekundu iliyokolea liwe karibu, ili damu isiwatishe watu.

Hatua ya 8: Baada ya mionzi

Ngozi iliyopigwa mionzi ioshwe kwa maji matupu, ikaushwe kwa kugusagusa. Usipake dawa za kuchua, wala usifute alama walizochora wataalamu mpaka mionzi iishe. Nguo ziwe za pamba, pana.

Mwanamke aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Tanzania ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine, anaweza kuhara, kuungua wakati wa kukojoa na kutokwa uchafu. Kukaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi humpa nafuu. Na kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi na wanaona haya kuuliza: mionzi inaweza kukaza na kufupisha uke, tendo la ndoa likawa mateso na hata uchunguzi wa daktari ukashindikana. Kuna kifaa cha kutanulia, na kuna namna ya kukitumia. Dada, muulize muuguzi wa kike. Shemeji zetu nao waambiwe kwamba saratani haiambukizwi kwa kulala pamoja.

Hatua ya 9: Pumzi na uchovu

Pumzi ikibana, mkalishe ameinama mbele, mikono juu ya meza yenye mto. Fungua dirisha, punguza watu chumbani. Mpepee usoni, kwenye mashavu na puani, kwa feni ndogo au kipepeo cha ukili. Utafiti umeonyesha kwamba upepo usoni hupunguza hisia ya kukosa pumzi. Kisha mpelekee taarifa muuguzi, maana huenda ni maji kifuani, na hayo yanatolewa.

Uchovu wa saratani hauponi kwa kulala. Kwa mgonjwa anayeweza kusimama, tafiti nyingi zinaelekeza kwenye matembezi mepesi: mpaka kwenye mwembe na kurudi, leo mara moja, kesho mara mbili. Kazi anayoipenda aipangie saa anapokuwa na nguvu. Na aangaliwe wingi wa damu.

Hatua ya 10: Wewe mwenyewe, na dawa za mitishamba

Saa 48 baada ya kemo, mkojo, choo na matapishi vina mabaki ya dawa. Vaa glovu, fua nguo zilizochafuka peke yake. Mjamzito asiguse.

Kuuguza ni kwa zamu. Wanaouliza "tusaidie nini?" usiwajibu "dua tu", mpe mmoja Jumamosi usiku, mwingine nauli ya kliniki, mwingine maji.

Kama mmempa dawa za miti, mwambieni daktari bila kuogopa kufokewa. Baadhi huelemea ini na figo zinazopambana na kemo wakati huo huo.

Hatua ya 11: Dawa zisikatike, na siku za mwisho

Kila Ijumaa tazama chupa. Ikibaki ya wiki moja, safari ya kufuata nyingine ianze sasa, kwa sababu mofini hailetwi na bodaboda kutoka duka la jirani. Chukueni kadi ya kliniki na daftari.

Ikifika mahali hawezi kumeza, piga simu kwa muuguzi usiku huo huo. Mofini ya maji inaweza kudondoshwa kidogo kidogo ndani ya shavu, kwa kipimo atakachokupa. Vidonge vya presha na vitamini mwulize kama viachwe. Lowesha midomo kwa pamba, mgeuze ubavu kila saa mbili au tatu, endelea kuzungumza naye hata kama hajibu. Pumzi zitakuwa na mikoromo na vituo virefu. Mara nyingi inawatisha waliokaa pembeni kuliko inavyomuumiza yeye.

Baada ya msiba, mofini iliyobaki usimgawie jirani mwenye maumivu wala usiimwage shimoni. Ifunge, iandike jina la mgonjwa, uirudishe kwenye kitengo kilichoitoa, watie sahihi kwamba wameipokea.